Vizingiti Vyeupe vya Ua wa Ormerod

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa kuingilia Ua wa Ormerod, nyumba kumi na moja zilizozunguka uwanja mmoja wa mawe. Aliyelisoma kwa sauti ni Enoch Sudlow, fundi viatu, kwa kuwa ndiye peke yake uani aliyeweza kusoma maandishi ya wakubwa bila kuyaruka maneno marefu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Halmashauri ya mji wa Marlbeck ilikuwa imechagua nyua thelathini zitakazotiwa bomba la maji safi kutoka bwawa la mlimani. Akazitaja zote thelathini. Ua wa Ormerod haukuwamo. Chini kabisa palikuwa na maelezo ya nyua zilizoachwa, na hapo Sudlow akakohoa kabla ya kuendelea.

"Ua wa Ormerod," akasoma. "Umekaguliwa, umekutwa safi sana. Wakazi wanajitosheleza. Bomba halihitajiki."

Keziah Ogden alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo tupu mkononi. Akamwomba asome tena. Sudlow akasoma tena, na maneno yakawa yale yale. Wanawake waliouzunguka ukuta wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakiguna, mmoja akisema ndivyo walivyo wakubwa hao, hawajali. Keziah hakuondoka. Damu ilimchemka hadi masikioni, na kibaya zaidi, hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia. Ua ule haukujisafisha. Waliousugua hadi ukang'aa walikuwa wao wenyewe, na aliyewasimamia, mkono kiunoni, alikuwa yeye.

Mambo yalikwenda hivi. Wiki tatu nyuma, halmashauri ilituma barua kwamba Bwana Afya angepita siku ya Jumanne kuangalia hali ya ua. Mtu mwenye akili timamu, akiambiwa anakuja mgeni wa kutafuta uchafu ili alete maji, angeuacha uchafu ukae pale pale ulipo. Lakini huyo mwenye akili timamu si mwanamke wa Marlbeck. Mwanamke wa Marlbeck hupima utu wake kwa kizingiti cha mlango. Nyumba yake inaweza kuwa chumba kimoja chenye kitanda kimoja na watu saba, kuta zinatoka maji na panya wameshapewa majina, lakini Jumamosi lazima kile kizingiti cha jiwe kisuguliwe, kisha kipakwe jiwe jeupe, laini kama chaki, lile ambalo mnunuzi wa matambara hulibadilisha kwa nguo kuukuu. Kizingiti kikikutwa cheusi Jumapili, majirani hawasemi kitu. Wanakitazama tu wakienda kanisani, na wewe ndani unajua umekwisha.

Kwa hiyo barua ilipofika hakuna aliyezungumza habari za maji. Walizungumza habari za aibu. Keziah alikuwa mjane wa miaka thelathini na mmoja, aliyeshona magunia nyumbani kwake ili yeye na binti yake Lettice wapate mkate, na hakuna aliyemchagua kuwa kiongozi wa kitu chochote. Alijichagua. Aligonga kila mlango na kuwauliza wenzake kama wanataka kijana wa halmashauri arudi ofisini akawasimulie wenzake jinsi wanawake wa hapa wanavyoishi kama nguruwe. Basi, ungeona burashi zilivyotoka.

Siku tatu walikwangua mawe ya uani kwa visu. Walimwaga majivu na chokaa ndani ya shimo la choo, lile shimo moja walilochangia watu arobaini na watatu. Pampu ya zamani iliyokuwa katikati ya ua, hatua tano tu kutoka choo hicho, waliipaka rangi ya kijani aliyokuwa nayo Sudlow. Vizingiti vyote kumi na kimoja vikawa vyeupe, na hata cha nyumba namba nane, ambayo haikuwa na mtu, kikapakwa ili kisiwaangushe wenzake. Maji ya kuoshea waliyatoa kwenye kiwanda cha bia, mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi, kwa sababu maji ya pampu yao yaliacha doa la manjano kila yalipokaukia. Na asubuhi ya Jumanne Keziah alikwenda tena huko huko kuchota maji ya chai ya mgeni. Nani angempa mgeni chai ya maji ya pampu?

Bwana Afya, jina lake Edwin Lumb, alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ndefu na daftari. Alitembea uani akitikisa kichwa kwa mshangao. Alikunywa vikombe viwili vya chai mlangoni kwa Keziah, akasema chai tamu namna hiyo hajaipata mtaa mzima, na ua safi namna hiyo hajauona tangu aanze kazi. Wanawake walisimama wamekunja mikono, videvu juu. Keziah kichwa kilimvimba. Hakumwambia maji ya chai ile yalitoka wapi, maana kumwambia mgeni jambo kama hilo akiwa na kikombe mkononi ni kumwomba, na wao hawakuwa ombaomba.

Ndivyo walivyojipalia makaa, kwa burashi na sabuni na jiwe jeupe.

Siku mbili baada ya tangazo, Lettice aliamka na kichwa kinamuuma. Alikuwa na miaka saba, mtoto wa maneno mengi, na siku hiyo hakusema neno. Kufikia Jumamosi mwili ulikuwa moto na tumbo limevimba. Daktari wa zahanati ya bure alimgusa, akatazama ulimi wake, akauliza wanakunywa maji gani. Keziah alipomwambia, akashusha pumzi. Homa ya matumbo, akasema. Mtoto apewe maji safi, mengi, kila anapotaka, na yale ya pampu asiyaguse tena. Alilisema jambo hilo kwa upole, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Maji safi, mengi! Mlinzi wa lango la kiwanda cha bia aliruhusu ndoo mbili tu kwa nyumba moja, na kabla ya saa mbili asubuhi. Kufikia jioni Lettice alikuwa amezimaliza, kwa kunywa na kwa kufuliwa mashuka, na hapo Keziah alikaa kando ya kitanda akimsikia mtoto akiomba maji huku pampu ikidondoka nje ya dirisha. Alichemsha ya pampu, akayachuja kwa kitambaa, akayanusa, bado yananuka choo, akayamwaga. Homa ile ile ilikuwa imemchukua mumewe, Amos. Aliijua njia yake yote, hatua kwa hatua, na hakutaka kuitembea tena.

Jumatano iliyofuata alivaa shali yake nzuri, akamwacha mtoto na mke wa Sudlow, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya afya. Walimkalisha kwenye benchi kwa muda wa saa mbili. Bwana Lumb alipotoka alimkumbuka mara moja, akatabasamu, akamwita mama wa vizingiti vyeupe.

"Tulikudanganya, bwana," Keziah akasema, palepale kwenye ukumbi, watu wakisikia. "Ua ule hauko vile. Tuliusafisha kwa sababu wewe ulikuwa unakuja."

Kijana yule alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyomchoma Keziah. Alimpeleka pembeni. Alimweleza kwamba ripoti imeshapita kwenye kamati, na kwamba hawezi kuiandikia kamati kuwa wanawake kumi walimzidi akili kwa burashi. Hata hivyo akafikiri, akafungua daftari, akasema angeweza kupita tena Alhamisi ya wiki ijayo, auone ua katika hali yake ya kawaida. Akikuta tofauti, ataandika tofauti. Alimsindikiza hadi mlangoni na kumtakia mtoto afya njema.

Siku nane. Keziah alirudi akihesabu njia nzima. Siku nane za kutogusa kitu: choo kiachwe kifurike kama kinavyofurika, mawe yaachwe yalivyo, vizingiti viwe vyeusi. Alidhani sehemu ngumu imeshapita. Sehemu ngumu ilikuwa inamsubiri nyumba namba moja.

Bi Tabitha Grimshaw wa namba moja alikuwa na miaka sitini na minne, na kizingiti chake ndicho cha kwanza kuonekana mtu anapoingia uani. Yeye hakungoja Jumamosi. Alikipaka kila asubuhi, kwa magoti yaliyovimba, na hakuna mtoto aliyewahi kukikanyaga akabaki na masikio yake salama. Wanawake wengine walimsikiliza Keziah, wakanung'unika, wakasema watafanya akifanya Bi Grimshaw. Bi Grimshaw alimsikiliza hadi mwisho bila kumkaribisha ndani.

"Unaniambia nikiache kizingiti changu siku nane," akasema.

"Siku nane tu, Bi Grimshaw."

"Nimezika mume na watoto wanne kutoka nyumba hii, na kila jeneza limepita juu ya kizingiti cheupe. Njaa nimelala nayo. Baridi nimelala nayo. Uchafu, hapana. Sasa wewe binti uliyehamia juzi unataka Jumapili watu wapite hapa waseme Tabitha Grimshaw ameoza."

"Watasema siku nane, kisha watasahau. Mwanangu yuko milango mitatu kutoka hapa, anaharisha damu. Jeneza lake nalo ungependa lipite mahali peupe?"

"Usinitupie mtoto wako usoni." Sauti ya kikongwe ilipanda, na milango mingine ikafunguka. "Nani aliusugua ua huu? Nani alitusimamia hapa akitupigia kelele kwamba pembe zile hazijang'aa? Mimi? Wewe, Keziah. Ulitaka kijana yule akusifu mbele yetu, na alikusifu."

Keziah alipiga hatua moja mbele. Alitamani kumpiga yule mwanamke. Kweli alitamani, mkono ulishajikunja, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Nilitaka sifa. Nilizipata. Sasa mwanangu anakufa kwa sifa zangu, Bi Grimshaw, na wewe unataka kufa kwa zako."

Bi Grimshaw akamfungia mlango.

Wengine walikubali, lakini kwa uchungu, na lawama zote wakamtwika Keziah. Jumamosi hakuna aliyetoa burashi. Jumapili vizingiti kumi vilikuwa vyeusi na kimoja kinameremeta, na wanawake wa mtaa wa pili walisimama kwenye lango wakiwa na nguo zao za kanisani, wakauliza kwa sauti kama Ua wa Ormerod umehama au umekufa. Mmoja akasema ameona mazizi yenye heshima kuliko pale. Wenye ua walikaa ndani na kuyameza. Keziah viganja vilimwasha. Mara mbili alijikuta amelishika jiwe jeupe bila kujua alilitoa wapi, akalirusha chini ya kitanda.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mvua ilinyesha, na asubuhi shimo la choo lilikuwa limefanya kazi yake ya kila mvua. Tope lake lilijitandaza juu ya mawe, likaizunguka pampu, likaenda taratibu kuelekea langoni hadi likapanda kizingiti cha namba moja. Bi Grimshaw akatoka na ndoo na burashi. Ua mzima ulimtazama kutoka madirishani. Akapiga goti moja, akautazama mlango wa Keziah ambako kulikuwa na mashuka ya mtoto yamening'inizwa. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akarudi ndani na ndoo yake, akavuta pazia, na hakuonekana tena siku ile wala siku mbili zilizofuata.

Alhamisi Bwana Lumb alifika saa nne asubuhi na kitambaa puani. Alitembea kwa ncha za viatu. Alichungulia chooni, akarudi haraka. Alipiga pampu mara mbili, maji ya manjano yakatoka, akayaangalia, akaandika. Aliandika sana. Keziah alimfuata nyuma hatua kwa hatua, akiwa na matumaini, akimwonyesha kila alichokificha mara ya kwanza: huku kunavuja, huku kunafurika, watoto wanacheza hapa. Aliuanika uchafu wake mwenyewe mbele ya mwanamume mgeni, na hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya kuliko hicho. Alipomaliza akamwomba Bwana Lumb amwambie alichoandika.

Bwana Lumb hakupenda kumwambia, lakini alikuwa mkweli.

"Nimeandika kwamba hali ni mbaya sana," akasema. "Na kwamba mwezi mmoja tu uliopita ua huu ulikuwa kioo. Maana yake mnaweza, ila mmelegea. Mabomba ni machache, mama. Kamati inayapeleka kwa watu watakaoyatunza. Siwezi kuwashauri waweke bomba jipya mahali kama hapa."

Wanawake waliokuwa uani wakaacha kazi zao. Hata Sudlow, aliyekuwa akipigilia misumari kwenye viatu vya mti mlangoni kwake, akaacha.

"Tukiwa safi hatulihitaji," Keziah akasema polepole. "Tukiwa wachafu hatulistahili. Basi tuweje, bwana? Niambie, nikawaambie wenzangu, tuwe hivyo."

"Mimi sikutunga kanuni."

"Najua. Hakuna anayezitunga. Zinaota tu."

Bwana Lumb akafunga daftari. Uso ulikuwa umemwiva, na pengine alimwonea huruma kweli, maana alianza kumweleza sheria kana kwamba sheria ingemfariji. Ua usio na maji kabisa, akasema, hauna mjadala. Hapo halmashauri inalazimika, hata kamati haiulizwi. Angeandika leo na bomba lingefika ndani ya mwezi. Lakini wao pampu wanayo, na pampu inatoa maji.

"Yale si maji," Keziah akasema.

"Kwa sheria ni maji. Mimi naandika ninachokiona."

Nyundo ya kuvunjia makaa ya mawe ilikuwa imeegemezwa mlangoni kwa Sudlow. Keziah hakukumbuka baadaye kama aliiendea polepole au aliikimbilia. Alikumbuka uzito wake, na rangi ile ya kijani waliyoipaka kwa fahari. Pigo la kwanza liliteleza na kumtia ganzi hadi begani. La pili liliuvunja mpini wa pampu ukaruka hadi ukutani. La tatu, la nne na la tano aliyapiga kwenye shingo ya chuma, akitoa sauti ambayo hakujua anayo, na chuma cha zamani kikapasuka, kikainama, kikaanguka kwenye tope. Bado akapiga tena. Hakuwa akiipiga pampu tu.

Alipoacha, alikuwa anahema na shali imemwanguka.

"Andika unachokiona," akamwambia.

Bwana Lumb alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. Alisema hiyo ni mali ya Bwana Ormerod, mwenye nyumba. Alisema hilo ni kosa la jinai, na kwamba itabidi polisi waitwe. Mwanamke mmoja akaanza kulia, mwingine akamtukana Keziah waziwazi, akamuuliza leo watapikia mate? Watu arobaini na watatu, akasema, na mwendawazimu mmoja amewakata maji. Keziah akaiweka nyundo chini. Kwa mara ya kwanza akaona alichofanya.

Mlango wa namba moja ukafunguka. Bi Grimshaw akatoka na aproni safi, akapita juu ya kizingiti chake cheusi bila kukitazama, akaja mpaka kwenye pampu, akaisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Mbovu," akasema. "Ilivunjika jana, bwana. Mimi niliiona."

"Mama, nimesimama hapa hapa. Nimemwona huyu—"

"Umeona nini? Mimi nina miaka sitini na minne na kila Jumapili niko kanisani. Wewe una mingapi? Enoch, pampu ilivunjika lini?"

Sudlow alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, bila haraka. Akasema jana, saa tisa hivi. Mke wake akasema ilikuwa saa kumi. Yule mwanamke aliyemtukana Keziah alifuta macho, akamkazia Keziah jicho la chuki, kisha akasema kwa hasira kwamba ilikuwa saa kumi kasorobo, na bwana aache kuwauliza kitu kinachojulikana.

Bwana Lumb aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na tope kwenye suruali hadi magotini. Alifungua daftari, akauchana ukurasa aliokuwa ameuandika, akaukunja na kuutia mfukoni. Kwenye ukurasa mpya aliandika mstari mmoja, akamgeuzia Sudlow auone. Hakuna maji, Sudlow akasoma. Kijana yule akavaa kofia na kuondoka, na hakuaga mtu.

Siku kumi na sita walibeba maji. Walibeba kutoka kiwanda cha bia hadi mlinzi alipochoka nao, kisha wakabeba kutoka kisima cha kanisa, ambacho kilikuwa mbali maradufu. Waliomlaani Keziah walimlaani kila asubuhi wakiwa na ndoo, naye aliwasikia na kukaza mwendo, na baadhi yao walimwachia ndoo ya tatu mlangoni pake bila kusema kitu. Siku ya kumi na moja homa ya Lettice ikashuka. Nywele zilimtoka zote, na akawa mwepesi kiasi kwamba Keziah alimbeba kwa mkono mmoja, lakini aliomba mkate, na baada ya mkate akaanza maneno yake. Keziah alikaa jikoni akalia hadi pua ikaziba. Hasira, hata hivyo, haikutoka na machozi. Ilikaa pale pale.

Siku ya kumi na saba wakaja wachimbaji wanne na majembe. Mkubwa wao alikuwa Mwairishi wa makamo, jina lake Tierney, mtu wa mzaha aliyewaita wanawake wote malkia. Keziah alimuuliza kazi itachukua wiki ngapi, maana bwawa la mlimani liko mbali sana, na kulileta bomba kutoka huko si mchezo. Tierney akacheka, akamwambia arudi mchana. Walianza kuchimba barabarani, mbele ya lango. Kabla ya saa sita majembe yaligonga chuma, wakaacha kuchimba, wakakaa kula.

Keziah alitoka kuwaona. Shimo halikumfika hata kiunoni. Chini yake palikuwa na bomba jeusi, nene, linalotoka upande mmoja wa barabara na kuendelea upande wa pili.

"Mbona mmeishia hapa?" akauliza.

"Tumeshafika, malkia. Hili ndilo lenyewe, bomba kubwa la mlimani. Linapita hapa kwenda kwenye majumba ya wakubwa kule juu, kwenye bustani. Tunalitoboa, tunawavutia tawi lenu, basi."

"Linapita hapa tangu lini?"

Tierney aliumega mkate, akafikiri. Akasema anakumbuka vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kwenye kazi ile, kijana bado, na baridi ilikuwa kali. Miaka kumi na moja Novemba hii.

Keziah aligeuka akaingia uani. Alitembea kutoka shimo lile hadi mlangoni pake, akihesabu kwa sauti ya chini. Hatua hamsini na mbili. Akarudi, akihesabu tena. Akasimama ukingoni, mikono ndani ya aproni, akilitazama lile bomba jeusi. Ukisikiliza, maji yalisikika yakipita ndani yake.

"Jabez Sudlow," akasema. "Mtoto wa fundi viatu. Alikuwa na miaka mitatu homa ilipomchukua, mwaka ule ule."

Tierney aliinua macho.

"Mapacha wa Martha Pilling. Martha Pilling mwenyewe, wiki ile ile. Binti zake wawili Bi Grimshaw, Ruth na Adah, na Adah alikuwa ameshachumbiwa. Mzee Hoyle wa namba nane na mkewe, ndiyo maana namba nane haina mtu. Amos Ogden, mume wangu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mwishoni alikuwa anaomba maji."

Wachimbaji waliacha kutafuna. Tierney alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na hakujua la kufanya nayo. Alisema anasikitika sana. Alisema watakazana, na saa kumi jioni, Mungu akipenda, maji yatakuwa yamefunguliwa.

"Subiri," Keziah akasema. "Sijamaliza."